Kasi ya Mbinga, Joto la Lituhi

Jumatatu, 9 Juni
Feni ya tatu ya kompyuta ninayoiunda imekaa. Skrubu moja ikaniponyoka, ikapotelea ndani. Nimeipiga meza ngumi hadi mkono umevimba. Hasira hii si ya skrubu, ni ya kaka yangu Kosmas. Tangu tugombanie shamba la kahawa la marehemu baba, yeye na panga, mimi na jembe, hatusemezani. Mama kaniacha Mbinga, kahamia kwake Lituhi, kando ya ziwa. Kila nikipiga simu analia.

Jumatano, 11 Juni
Ujumbe wa Kosmas. Jumamosi niende na kompyuta yangu mpya, tupigane kwenye gemu la ngumi, kama zamani kwenye kibanda cha gemu. Atakayeshindwa aombe msamaha kwanza, mbele ya mama. Sawa. Nitamtwanga. Nataka nimwone anapiga magoti.

Alhamisi, 12 Juni
Naipandisha kasi prosesa, ubongo wa kompyuta, ipite ile ya kiwandani. Bila pupa. Naongeza hatua moja, naipa mzigo mzito wa kazi, naangalia joto. Volteji naiacha mahali salama. Ikikwama, narudi nyuma hatua moja. Baridi ya Mbinga inakata masikio. Dirisha wazi, mimi ndani ya blanketi. Imetulia. Nimeongeza tena. Bado imetulia. Kwenye gemu ngumi zinatua papo hapo. Kila anayeanguka kwenye kioo nampa sura ya Kosmas. Raha tupu.

Jumamosi, 14 Juni
Lituhi. Shati limenigandia kwa jasho. Madirisha yamefungwa, nje wadudu wa ziwani ni wingu zima. Mama kaitikia shikamoo yangu bila kuniangalia.

Raundi ya kwanza yake. Ya pili yangu. Ya tatu nimembana pembeni, mbavu, mbavu, taya, limebaki pigo moja. Kioo kikawa cheusi. Mashine imechemka, imejizima.

Kosmas akacheka. "Mdogo wangu, hata mashine yako imenionea huruma."

Nikamrukia. Ngumi ya kweli, mdomoni. Damu. Akanibamiza ukutani, akanikaba koo. Nikamng'ata mkono. Mama akaingia katikati akipiga kelele. Kiwiko changu kikampata usoni. Akaanguka.

Kiwiko changu.

Jumapili, 15 Juni
Jicho la mama limeziba. Hakwenda misa, anaona aibu. Mimi najichukia.

Nimeifungua mashine uani. Wadudu wamejaa kwenye feni, waliingia mlangoni kila mtu alipopita. Na kasi yote ile niliipima kwenye baridi ya Mbinga, kisha nikaiteremsha mashine hadi huku ziwani. Nimekulia huku. Joto la hapa nalijua. Sikulifikiria hata kidogo, nilikuwa nafikiria magoti ya Kosmas.

Nikanyanyua jiwe niipasue. Kosmas akanishika mkono, akalichukua lile jiwe. Akakaa chini, akaanza kutoa wadudu kwa mswaki.

Jumanne, 17 Juni
Nimeirudisha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani. Mzigo asubuhi nzima, haijajizima. Kosmas, mdomo umeshonwa nyuzi, akanipa padi ya kuchezea. Nikaiweka mezani. Nikaenda jikoni, nikapiga magoti mbele ya mama.

Akauliza nani kashindwa. Nikasema mimi. Kosmas akasema mlangoni, hapana, ni yeye.

"Haya, bishaneni," mama akasema. "Uji unapoa."

Tukanawa mikono.