Mke wa Kwenye Runinga

Jumanne, 2 Julai 2002

Imekwisha. Batholomeo, mwongozaji wetu, katuita wote kwake Msalato. Mtu wa maneno mengi yule, leo kasema kwa kifupi. Wale wa sabuni wamejitoa, hawadhamini tena. Wanataka muziki wa vijana, si vichekesho vya mzee na mkewe. Tumalizie kurekodi vipindi vilivyobaki, kaseti ziende Dar, basi. Miaka yote hiyo!

Wenzangu wakaanza kuulizana watafanya nini. Ludovick, anayeigiza mume wangu, akanigeukia, akasema mtani, talaka yako imefika. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu. Halafu nikaenda chooni, nikafungua bomba ili wasinisikie. Maji yenyewe hayakuwepo.

Nalilia nini? Si posho. Kazi yangu iko wizarani, nachapa barua za wakubwa mpaka vidole vinakufa ganzi. Nalilia kuitwa mke wa Ludovick, hata kama ni kwenye runinga tu. Nimeandika. Nimeona aibu, lakini sifuti.

Alhamisi, 11 Julai 2002

Nimepita soko la Majengo. Mama mmoja muuza mboga kanishika mkono — Mama Nyemo, mzee Kibindo hajambo? Hayo ndiyo majina yetu ya kwenye mchezo. Nikamjibu hajambo, kalala, kifua kinamsumbua. Uongo ukanitoka wenyewe, mtamu! Akaniongezea fungu la mlenda, akasema nimpelekee mgonjwa.

Mchana tukarekodi ile sehemu ya chakula. Upepo wa mwezi huu mnaujua — eti "mnaujua", kana kwamba kuna mtu anasoma hapa! Vumbi mpaka ndani ya sufuria. Kwenye kamera Ludovick anasusa mlenda wangu, anasema Wagogo mnatulisha utelezi. Mimi namjibu mpagazi mkubwa wewe, rudi Tabora ukabebe mizigo. Kamera ikazimwa. Akakaa palepale akaumaliza wote, akalamba vidole. Wengine walikuwa wanafungasha nyaya, hawakumwona.

Mtu mzima mimi, nimeibeba ile sahani nikashindwa kuiosha.

Jumapili, 21 Julai 2002

Nimesema! Afadhali nisingesema.

Tulikwenda Chamwino kurekodi kipande cha shambani. Betri ya kamera ikaisha, Batholomeo akaenda kutafuta pa kuichaji. Tukabaki wawili, tumekaa kwenye kivuli cha gari. Nikamwambia:

"Ludovick, mimi nakupenda. Si Mama Nyemo. Mimi, Elieth. Sitanii."

Akanitazama. Kitambo kidogo tu. Nikadhani kaelewa. Halafu akaangua kicheko, akashika mbavu, akajitupa chini na suruali yake safi. Anasema babu yake kataniana na Wagogo mpaka anaingia kaburini, lakini hajawahi kupigwa utani mzito namna hii. Na mtani akisema hatanii ndiyo kakolea!

Mnyamwezi na Mgogo, watani wa jadi! Nikimtukania mama yake haruhusiwi kukasirika. Nikimwambia nakufa, atauliza nitamrithisha nini. Tumelelewa hivyo, na mimi kila siku nimemtania nikiona nakaribia moyoni mwake. Kumbe nilikuwa najifungia mlango.

Batholomeo aliporudi akasimuliwa. Akaupenda mno. Akasema hayo hayo maneno ndiyo ya kufungia kipindi cha mwisho. Kwa hiyo nimeyasema tena mbele ya kamera. Mara mbili, maana mara ya kwanza upepo uliharibu sauti.

Jumatano, 7 Agosti 2002

Anaoa. Evarista. Nesi.

Kaja mwenyewe ofisini kunieleza, kapendeza, kanyoa. Barua ya posa imejibiwa zamani! Mimi namtazama midomo tu. Kumbe na ombi analo. Siku ya harusi nivae kama Mama Nyemo, nisimame ukumbini, nimzuie bibi harusi asikae. Niseme huyu mume ni wangu. Nigome mpaka upande wa bwana wanibembeleze kwa kanga. Ndiyo kazi ya watani, harusini na msibani, na hapa mjini, Wagogo wote hawa, anasema hana mwingine aliyemzoea wa kumfanyia.

Nimekubali. Mtani hakatai.

Jumatatu, 26 Agosti 2002

Kipindi cha mwisho kimeonyeshwa. Tumekwenda kuangalia kwa jirani, Mama Tabu, yeye ndiye mwenye runinga kubwa. Sebule imejaa mpaka mlangoni, watoto chini. Mama yangu nilikuwa naye, amekuja kutibiwa macho. Haoni vizuri, alikuwa anasikiliza tu.

Ikafika ile sehemu. Nikajisikia nasema nakupenda, sitanii. Sebule nzima ikapasuka! Mama Tabu kamwaga chai. Wananipigapiga mgongoni, wananisifu, eti utaacha pengo.

Mama hakucheka. Njiani kanishika mkono tukaenda polepole. Akaniambia kwa Kigogo, taratibu:

"Pale ulikuwa huigizi, mwanangu. Anajua?"

Nikamwambia nilimwambia. Akauliza alijibuje. Nikasema alicheka. Tulipofika mama akaomba maji ya kunywa, na mimi nikalia mbele yake kama ambavyo sikuwa nimelia tangu msiba wa baba.

Jumamosi, 28 Septemba 2002

Naandika nyuma ya ratiba ya sherehe, nitaibandika nikirudi. Niko kwenye kachumba ka pembeni ya ukumbi. Kitenge cha Mama Nyemo, kilemba chake, kiatu kimoja kinanibana.

Evarista kanifuata huku kabla hawajaingia. Shikamoo dada, kasema, akanikumbatia na shela lake lote. Mzuri, jamani. Na ana adabu. Kasema alikuwa hakosi hata kipindi kimoja, na kwamba ameogopa, nisimtanie sana asije akalia akaharibu uso. Nimemwambia asiogope, mimi ni maneno tu. Nilitamani awe mbaya. Ningepata pa kushikia chuki.

Ludovick sijamwona. Nimemsikia. Anacheka kule mbele na wajomba zake wa Tabora.

Emsii keshaanza. Anawauliza watu, je, kuna mwenye pingamizi na ndoa hii? Wanajua kitakachotokea, wameanza kupiga makofi na vigelegele kabla sijatoka. Batholomeo kaja na kamera yake, kasimama mlangoni, ananipungia. Ameniambia nikifika kwenye yale maneno ya Chamwino, nikiweza nitoe na machozi kidogo, itapendeza zaidi.

Nimemwambia nitajitahidi.