Damu Iliyolala Kwenye Kioo

Mwananyamala, Jumatatu, 6 Juni 1994. Asubuhi mawingu, kijibaridi, mvua haikunyesha.

Dada yangu Mwanaidi,

Leo nimempakata mwanao, tukaitazama damu yake ikilala.

Kifua kilimbana tangu juzi. Majirani wakanipoza: "Pumu hiyo, bibi, karithi kwa mama yake. Itaachia tu." Maneno hayo nayaogopa tangu ulipotutoka. Wewe mwenyewe uliyasema, umeegemea dirisha la chumba chetu cha Temeke, unacheka huku pumzi inakata: "Nyie wenzangu mna vifua, mie nina filimbi." Tukacheka nawe. Homa ikapanda, sie bado tunaita pumu. Tulipokufikisha hospitali, nimonia ilikuwa imeshajaa mapafuni.

Kwa hiyo leo sikungoja, nikamleta hospitali. Daktari alimsikiliza Salma kifua, akasema pumu anaisikia, ila homa inamtia shaka. Akaagiza damu ipimwe. Mtu wa maabara akaivutia kwenye mrija mwembamba wa kioo, akausimamisha wima, tukasubiri saa nzima. Wekundu ukawa unazama taratibu, juu yanabaki maji ya manjano, kama machicha yanavyotua chini ya bakuli.

"Mama mdogo, damu yangu inalala?"

"Inalala, bibie," akajibu mtu wa maabara. "Ikilala upesi sana, mwilini kuna moto."

Niliitazama hadi nikasahau nilipo. Nikahisi wewe umekaa ubavuni kwangu, bega lako la moto limenigusa. Damu ile ilikuwa yako pia. Nikaiomba isishuke. Ikashuka sana.

Daktari akarudi kusikiliza mgongo. "Kipimo hiki hakitaji ugonjwa," akasema, "lakini pumu peke yake kwa kawaida haifiki hapa. Ana nimonia juu ya pumu."

Sindano ya kwanza alichomwa palepale. Salma akamfokea muuguzi kwa sauti yako hasa: "Mbaya wewe! Siku ya Idi hupati pilau kwetu!" Nilicheka peke yangu, watu wakanigeukia.

Tumelazwa. Homa haijaisha, lakini jioni hii anavuta hewa bila kunyanyua mabega. Daktari alipopita nilimshika mkono wa koti, nikamuuliza kama tumechelewa.

"Hapana, mama. Mmewahi."

Tumewahi, dada. Lala salama, huyu niachie mimi.

Mdogo wako, mama mdogo wa Salma

Nalala sasa, saa tano kasorobo usiku.