Flashi Niliyookota Njiani

Mujukuu wangu Furaha,

Mama yako amepona, anakusalimia toka hapa Mapendo. Unauliza kama kufuta tu flashi uliyookota kunatosha.

Hapana. Nilipokuwa bado nachapia watu kazi zao, niliokota moja, nikaichomeka nione kilichomo. Virusi vikala kazi ya kumaliza masomo ya mwanafunzi wa Rutshuru. Nikalia.

"Mama, acha kulia," mwanafunzi akasema. "Karatasi niko nazo."

Tukaichapa upya, siku sita.

Kisha fundi wa kompyuta akanionyesha ordinatere, kompyuta nzee, tupu, isiyo na internet. Flashi za watu huziingiza mule, anaformati zote, kuzisafisha kabisa. Yangu aliivunja: "Zingine hazitakatagi."

Muulize fundi wa kwenu kwanza. Lakini niambie, uliiokota wapi?

Nyanya yako