Benoît, Tulikuzika Pamoja na Dancille

Kingi, Masisi
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Benoît,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Je, mguu umepona? Huko Kalemie unakula vizuri? Sisi tu wazima. Maharagwe yamekubali mwaka huu, ila mvua haitupi nafasi ya kuyaanika.

Umenyamaza miezi tisa, kisha unatutumia mistari mitatu kwa mkono wa muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Niliposoma wa kwanza, kwamba u hai, nilikaa chini kwenye matope na kitenge changu kipya. Utakifua wewe. Wa pili ulisema uko Kalemie na mguu unauma.

Ni haki yako kujua tulivyokuzika. Dancille, ile meli yenu, ilipopigwa bomu karibu na Minova, walionusurika walisema wewe, mekanisie wao, ulikuwa chini ukitengeneza mashine, na hakuna aliyekuona ukitoka. Tulingoja mwezi mzima. Kisha Papa akachukua mgomba, tukaufunga shuka, tukauzika mahali pako, kama inavyofanyika mwili usipopatikana.

Papa Gustave, mwenye meli, alikuja kutoa neno. Mdogo wangu, wewe alikusifu dakika mbili, Dancille nusu saa. Alianzia kwenye mbao zake zilizotoka Buleusa, kule Walikale. Akahesabu miaka kumi na minne ya kupeleka maharagwe na viazi vyetu Bukavu na kurudi na chumvi na sabuni. Akasimulia ile dhoruba ambayo meli iliivuka kwa mashine moja, na jinsi vita ilivyozidi hata meli ikabeba wakimbizi badala ya magunia. Alipofika kwenye siku ya bomu, sote tukalia. Nakiri kwamba kwa kitambo sikujua ninakulilia wewe au meli.

Halafu kaburi lako likachipua. Papa alikuwa ameng'oa mgomba na mizizi yake yote. Majirani waliogopa, pasta akaomba sana, na Papa aliona haya hata kupita pale. Mwishowe mbuzi wa jirani yetu Ngabo walikula yale machipukizi, wakamaliza maneno. Sasa tunacheka, lakini wakati ule sikucheka.

Nije kwenye mstari wako wa tatu, ulipouliza kama mke wako Colette amekwisha kurudi kwao ao ameolewa tena. Nilimsomea akiwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Nikamwuliza niandike nini, akasema, "Jibu hiyo nitamupa miye mwenyewe. Ile kitu haiandikwake mu barua."

Nilifikiri amekasirika, na roho iliniuma kwa ajili yako. Kesho yake nikamkuta anafunga mzigo. Yeye anayeogopa hata kamto ketu kakijaa, amekubali kuvuka maziwa mawili.

Mama yetu Mukandori anakusalimu sana, naye amekwisha kurudisha nguo zako kutoka kwa wale tuliowagawia baada ya maziko, isipokuwa koti, maana binamu yetu Magloire amelikatalia. Papa anasema ukirudi usipite kule kwa mgomba. Bwana awalinde ninyi wawili njiani mpaka nyumbani.

Sasa kunja karatasi hii, umtue mke wako mzigo. Ndiye aliyekuletea barua.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekulilia bure,

Adelaïde