Salamu kwa Marehemu Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kifua chako kimetulia, na kazi ya ghalani haikuvunji mgongo. Huku sisi hatujambo. Tunakula, tunalala, tunagombana na mwenye nyumba kuhusu bomba la maji kama kawaida. Ila ukiniuliza kama nina raha, nitakuambia ngoja kwanza. Soma mpaka mwisho, na usianzie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vyangu vya hadithi, ukaniondolea utamu wote.

Utaona bahasha haina jina lako wala langu. Usidhani nimerukwa na akili. Nimempa yule muuguzi, binti wa nyumba ya nyuma anayekuja huko kusoma, na nimemwapisha asimkabidhi mtu mwingine ila wewe, mkononi. Sababu utaijua.

Barua yako tuliipata, nikamsomea Mama. Nilipofika pale uliposema umechoka kuishi kama panya, kwamba mwisho wa mwaka unarudi, unakwenda kambini kwa miguu yako mwenyewe kujisalimisha, wakufunge wakitaka, wakishamaliza wakuache ukae na mama yako, Mama aliinuka akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Nilidhani ni furaha. Kumbe wapi.

Mama mwenyewe jicho la kulia linazidi kuwa na ukungu. Miwani hataki, anasema inamfanya aonekane kama hakimu. Dawa ya macho namtia mimi asubuhi kabla ya kazi, na kila siku analalamika kwamba namtia shavuni. Fundi viatu bado yuko pale pale mbele ya duka, bado anaongea na misumari mdomoni, na bado hatujui kwa nini hajaumeza hata mmoja. Mama mwenye duka naye hajambo, mdomo wake ndio kwanza umeongezeka kasi.

Sasa nikuambie langu. Kaka, niliomba kuwa afisa wa jeshi. Ndiyo, mimi, Sindano wako, niliyekuwa nakimbia mende. Cheka umalize, halafu uendelee kusoma.

Tangazo lilinifikia mkononi. Mteja alilileta pale kazini nimtolee nakala za kubandika ukutani, nami nikatoa moja ya ziada nikaikunja mfukoni. Walitaka vijana waliomaliza chuo, wasiooa wala kuolewa, wenye afya. Unachagua kusomea uafisa hapa nyumbani au nje. Nilichagua nyumbani, maana nani angemtia Mama dawa ya macho? Nikaanza kukimbia kila alfajiri, mbwa wa mtaa mzima nyuma yangu. Mama alipogundua, alikuja juu. Alisema jeshi limeshamla mtoto wake mmoja na hata mfupa halikurudisha, hawezi kulipelekea wa pili kwenye sahani. Tulinuniana wiki nzima. Mwishowe akanipikia uji mapema, akauweka mezani bila kuniangalia, nikajua nimeruhusiwa.

Utaniuliza kwa nini, baada ya yote yaliyokupata. Ni kwa sababu yako, kaka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwata pale uani, mpini wa ufagio begani, nikikosea mguu napata kofi la kisogo. Uliondoka na kombati yako ukiwa mtu wa kelele, unaimba mpaka chooni. Halafu siku ile mchana ukatokea mlango wa jikoni, ukavua kombati, ukaikunja vizuri ukaiweka juu ya kiti, ukakaa kimya kama bubu. Baba alikupa nauli. Mama alikufungia mkate. Mimi nilisimama dirishani kuangalia nani anakuja. Sote tulikuwa na haraka ya kukuficha. Baba amekufa bila kulifumbua fumbo lako, na mimi nimekua nikijiambia kwamba juu yako palikuwa na afisa fulani, na huyo afisa hakuwa mtu wa kuambiwa kitu. Nikataka niwe wa kuambiwa. Askari wangu akiwa na jambo linalomkaba, anipate mimi kabla hajaupata mlango wa jikoni kwao.

Basi nilipita mbio, nikapita macho na masikio, nikapita mtihani wa kuandika. Fomu iliuliza kama nina ndugu aliyewahi kuwa jeshini, nikakuandika. Penye kuuliza yuko wapi sasa, nikaacha wazi. Nilijua fika kwamba ile nafasi tupu itaota miguu.

Ikaota. Siku moja niko kazini, akaja mtaani bwana mmoja wa shati la mikono mirefu, akakaa kwenye kibao cha fundi viatu akasema kisigino chake kimelegea. Fundi akakishika kiatu akaona kisigino hakina tatizo lolote, na kiatu kinang'aa kwa namna ambayo raia hawang'arishi. Bwana akaanza kuuliza habari za nyumba yetu, mmoja mmoja. Kaka, fundi wetu akajua hapo hapo kwamba hatimaye wamekuja kukutafuta wewe. Akakishikilia kile kiatu mateka, akikigonga hapa na pale, huku akimkonyeza mama mwenye duka apite uchochoroni akamwonye Mama. Mpaka yule bwana anarudishiwa kiatu chake, picha yako ilikuwa imeshashushwa ukutani na kitanda chako kimeegemezwa nyuma ya kabati.

Alipomuuliza Mama ana watoto wangapi, Mama alisema mmoja yuko kazini na mwingine amekufa.

Bwana alitoa pole, akatoka, akamuuliza fundi viatu marehemu alikufa kwa nini. Fundi akasema homa. Akapita dukani akanunua kiberiti na kuuliza hilo hilo, mama mwenye duka akasema gari. Akarudi kwa Mama, kwa upole kabisa, kuomba aeleweshwe. Mama yako, ambaye akidanganya bei ya vitunguu anatokwa jasho, alisema homa ndiyo iliyomzidi, na lile gari la kumpeleka hospitali ndilo lililopinduka. Yaani walikuua mara mbili ili wasigombane.

Usicheke bado. Bwana aliomba aonyeshwe kaburi. Mama akavaa viatu, akamwongoza mpaka makaburini, akamsimamisha kwenye kaburi la Baba. Unajua jina lako ndilo la Baba zima zima, na mvua imeshakula zile tarehe. Wanasema Mama alilia pale mpaka yule bwana akamshika mkono, na kwamba hayakuwa machozi ya kuigiza. Yalikuwa yako, ya miaka yote aliyokaa bila kukuona.

Nilirudi jioni nikawakuta wote watatu jikoni wanakunywa chai, wamechangamka kama watu waliozima moto. Fundi akanisimulia kwa mbwembwe. Nilipomaliza kusikia niliwaambia, kwa sauti ambayo sikuipenda hata mimi, kwamba yule mtu hakuja kwa ajili yako. Alikuja kwa ajili yangu. Ni mtu wa upekuzi, kazi yake kuchunguza tabia na ukoo wa kila anayeomba uafisa, na pengine angesikia ukweli akauandika na kwenda zake. Fundi alitoa misumari mdomoni akaishika kiganjani. Mama aliuliza sasa itakuwaje. Nikawaka. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, nikabamiza mlango. Baadaye nilimwomba radhi, akanijibu kwamba yeye ana watoto wawili na mdomo mmoja, na mdomo ulimkimbilia yule aliyeko mbali.

Niliapa kwamba siku ya usaili nitasema ukweli. Nilijipanga, nikaufanyia mazoezi njiani kama shairi la shule. Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa, na maafisa waliokaa upande mmoja. Katikati alikuwa kanali mmoja, mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Waliniuliza historia, waliniuliza ramani, wakaniuliza kwa nini nisitafute kazi ya ofisini. Kisha yule kanali akavaa miwani yake akaniuliza, askari wangu akitoroka, nitafanya nini. Nilijibu bila kufikiri kwamba nitamrudisha kwa mujibu wa sheria, lakini kabla ya kumwadhibu nitamuuliza alikimbia nini, kwa sababu mtu hakimbii bure.

Wakatazamana. Kanali akavua miwani. Alisema hilo ni jibu la mtu aliyeguswa na jambo. Alisema wamesoma habari za kaka yangu, kwamba jina lake lilikaa miaka yote kwenye orodha ya watoro, na sasa wamethibitisha kwamba amefariki na jalada limefungwa. Alisema wanasikitika. Halafu, kaka, alisimama, na wote mezani wakasimama, wakainamisha vichwa. Kwa ajili yako. Jeshi zima lililokuwa likikutafuta lilisimama kwa ajili yako.

Pale ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Ukweli ulikuwa ulimini, nilihisi kabisa uzito wake. Nikafungua mdomo nikasema, asante, afande.

Hilo ndilo neno lenyewe. Mama alikuua kwa hofu, jirani zetu walikuua kwa upendo, wote hawakujua wanachofanya. Mimi nilijua. Nilikuzika kwa asante, nikaondoka na mgongo umenyooka, na nje ya lile geti nilifurahi. Nakuapia, nilifurahi, kwa sababu nilijua nimepita.

Nimepita kweli. Jumatatu naripoti chuoni na begi langu. Barua yao na barua yako zilifika juma moja, nazo zimelala pamoja kwenye droo ya Mama kama paka na panya. Mama ameniomba nikuandikie usije. Amesema mtoto aliye hai kwa mbali ni bora kuliko aliye kifungoni kwa karibu, na kwamba ukitokea sasa, yeye ataitwa mwongo mbele ya serikali na mimi nitafukuzwa. Nilimkubalia. Nilipoketi kuandika asubuhi hii nilikuwa nimekusudia hivyo: salamu, mzaha kidogo, halafu kaa huko huko kaka yangu, utakuwa umetusaidia sote. Ndiyo maana nilikuambia usianzie mwisho, nilikuwa naona aibu ya mwisho wenyewe.

Lakini nimefika hapa na mkono umekataa. Nimejiuliza, huyo afisa wa kuambiwa ninayetaka kuwa, ataanzaje kazi yake kwa kumwambia askari wa kwanza kabisa kwamba abaki amekufa? Kwa hiyo njoo. Jumatatu nitakwenda na begi, lakini kabla ya kuingia darasani nitaomba kumwona yule kanali, nami nitamwambia kwamba kaka yangu yuko hai, kwamba mama yangu alisema vile kwa uchungu na mimi nilisema vile kwa tamaa, na kama kuna wa kuadhibiwa aanze na mimi mwenye elimu. Wakinirudisha, nitarudi kwenye fotokopi zangu. Nitalia sana, sikufichi. Kitu hiki nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka chochote. Nimeiacha kalamu kidogo nikaenda kumwambia Mama. Sasa hivi ninapoandika namsikia chumbani akikivuta kitanda chako kutoka nyuma ya kabati, anakiburuza na hataki nimsaidie.

Fundi viatu anakusalimu. Anasema utakapokuja umletee misumari mizuri ya huko, na umsamehe kwa ile homa. Mama mwenye duka anasema yeye bado anaamini lingekuwa gari. Mama anakusalimu, anauliza kama kifua kinakusumbua alfajiri au mchana.

Nami nina swali langu moja. Nililitumia kama jibu mbele ya watu wasiokujua, nikasifiwa, na wewe mwenyewe sijawahi kukuuliza, siku ile jikoni wala katika barua hata moja. Usilijibu kwa barua. Lije nawe, tukae uani, uniambie hata kama itachukua siku nzima.

Kaka, ulikimbia nini?

Mdogo wako akupendaye,
Sindano