Mama Mizani, Aliyehesabu Pumzi za Mjukuu

Mama yetu mpenzi,

Mwaka umetimia leo tangu ulipojinyoosha baada ya chakula cha mchana, ukalala moja kwa moja. Nyumba bado haijazoea. Upepo ukisukuma mlango wa chumba chako, sote tunageuka kutazama, kana kwamba unatoka.

Kwa miaka thelathini na moja ulipima watoto uzito kliniki, hata waliosahau jina lako wakakuita Mama Mizani. Ulikipasha moto kikoba cha mizani kwa viganja kabla ya kumtia mtoto, maana hakuna, ulisema, anayependa kukaribishwa na baridi. Nyumbani ulikuwa ukisinzia katikati ya maneno, ukizinduka unaendelea pale pale ulipoachia, nasi tumeshahamia habari nyingine. Tulicheka, nawe ukacheka bila kujua kisa.

Mkweo, mke wa kitinda mimba wako, ametuomba tuikumbuke ile Jumamosi.

Mtoto wake alikuwa na miezi minane, kikohozi siku ya tatu. Alikuambia ni mafua tu, yatapita. Hukubishana. Ulimpakata mtoto, ukampandisha fulana, ukakitazama kifua chake dakika nzima, midomo ikihesabu bila sauti. Pazia lilipanda na kushuka taratibu dirishani. Mkweo anasema mpaka leo huiota dakika ile, na ndotoni haiishi.

"Sitini na nne," ukasema. "Na tazama, mbavu zinabonyea akivuta pumzi. Haya si mafua, mwanangu. Twende sasa hivi."

Mkweo alipandwa na hasira. Alikujibu kwamba mama wa mtoto ni yeye, na kwamba kupima uzito si udaktari. Ulilimeza neno lile, ukambeba mtoto, ukatangulia na malapa yasiyolingana. Ikambidi akufuate.

Ilikuwa nimonia kali. Mtoto aliwekewa oksijeni puani, akachomwa sindano siku nne. Daktari alimwambia mkweo kwamba wangengoja hadi kesho yake, pengine mtoto asingeishi. Wewe hukumtupia mkweo hata jicho la lawama. Ulijishughulisha kukunja nepi.

Alikusudia kukuomba radhi, lakini kila siku alisema kesho. Nawe ulimwachia kiti cha penye jua, ukamwita mwanangu vile vile, mpaka akajiambia yamekwisha. Kisha ukatutoka.

Wiki iliyopita, tulipokaa kuandika haya, alituambia yote na kututaka tuweke maneno yake hapa: "Mama, nisamehe. Uliniokolea mwanangu, nami nikakutolea maneno makali."

Baba aliinua kichwa kwenye kona yake. Akasema uliporudi kutoka hospitali ulimsimulia jambo lile huku ukitabasamu. "Nimempenda zaidi," ulimwambia. "Mwanamke asiyempigania mwanawe hata kwa mkwewe, huyo ndiye ningemwogopa."

Mkweo alilia sana, Mama, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameupata mwaka mzima.

Mjukuu wako ana miaka mitatu sasa. Anaimba kutwa na hasikii la mtu.

Wanaokukumbuka kwa upendo: mumeo, watoto wako watatu, wakwe zako, dada yako mkubwa, wajukuu wako sita, na wenzako wote wa kliniki.

Pumzika, Mama. Siku zote za maisha yetu, hatutakusahau.