Papasi Aliowacheka Daktari

Doris wee, nina hasira! Sikia yaliyompata dada Gaudensia huko Nkowe.

Homa ilimpanda, ikaisha, baada ya wiki ikarudi. Mara tatu! Kila akienda kituo cha afya kipimo hakionyeshi malaria, anapewa dawa mseto ya malaria. HAKIONYESHI, anapewa!

Leo akamwambia daktari, "Nyumba yetu ya udongo ina papasi, wale kupe wa kwenye nyufa, wananiuma nikilala."

Yule akacheka mbele ya wagonjwa. "Papasi ni mambo ya zamani. Dada, una mawazo tu."

Una mawazo! Na mimba ya miezi saba!

Gaudensia akagoma kuinuka kwenye kiti. "Homa ninayo sasa hivi. Nitoeni damu muitazame kwa hadubini."

Mtu wa maabara akatazama, kisha akamwita daktari naye aone. Vijidudu vimejisokota kama skrubu, vimejaa kwenye damu. Homa ya papasi!

Amelazwa, ameanza dawa. Mtoto anacheza tumboni, tushukuru Mungu.

Jioni daktari akapita kitandani, sauti iko chini. "Ulijuaje?"

Dada akamtazama. "Mimba yangu ya kwanza ilitoka kwa homa hiihii, nikiumwa na papasi haohao. Na siku ile pia mlinipa mseto."